Mita inasoma volti 12, mbona treni inasimama?

Msomaji wa Mombasa anauliza: "Kaka yangu aliniletea seti ya treni ya umeme kutoka Uingereza, zile za reli ya milimita 16.5. Nimeigongomelea kwenye plaiwudi, vipande 8 vya kona na 6 vilivyonyooka, mduara mmoja tu usio na njia panda. Tangu masika treni ilianza kupunguza mwendo upande wa mbali na transfoma. Sasa inazima kabisa kwenye kipande kimoja cha kona. Nikiisukuma kwa kidole hadi kipande kinachofuata, inaondoka yenyewe. Nimepiga reli msasa, nimetia mafuta ya cherehani kwenye viungio, nimenunua kontrola mpya. Wapi. Fundi redio amepima kile kipande kwa mita, kina volti 12 kamili. Tatizo ni nini?"

Ndugu yangu, fundi hakukudanganya na mita yake si mbovu. Ila alipima wakati hakuna kitu kinachovuta umeme. Mita ya dijitali ina ukinzani wa mega-omu 1 hadi 10, kwa hiyo mkondo unaopita ndani yake ni mdogo mno. Kiungio, yaani kile kibati kinachounganisha reli na reli, kikioza mpaka kikawa na ukinzani wa omu 1,000, bado kitaipitishia mita volti zake zote 12. Kichwa cha treni kinahitaji ampea 0.2 hadi 0.5 ili kitembee, na kupitia omu 1,000 hakitapata hata ampea 0.02. Ni kama bomba lililojaa kutu: ukifunga mfereji, presha nyuma yake inapanda kama kawaida, ukiufungua, yanatoka matone. Reli lazima ipimwe ikiwa inabeba mzigo.

Jambo la pili ni umbo la njia yako. Kwenye mduara, kila kipande kinalishwa kutoka pande mbili. Kiungio kimoja kikifa, umeme unazunguka upande wa pili na treni inaendelea kutembea, ila pale karibu na kiungio kilichokufa inapunguza mwendo, kwa kuwa umeme umesafiri mbali na kupita viungio vingi zaidi. Hicho ndicho ulichokiona wakati wa masika. Ili kipande kizime kabisa, lazima reli ile ile moja iwe imepoteza mguso kwenye ncha zote mbili za kipande. Kwa hiyo tangu sasa ujue unatafuta viungio viwili vibovu, si kimoja. Ukikuta cha kwanza usifunge kazi. Wengi wanatengeneza kimoja, treni inatembea, wanafurahi, na baada ya miezi kadhaa shida inarudi pale pale.

Kabla ya kugusa reli, weka kichwa kingine cha treni kama unacho. Vyote vikizimia mahali pamoja, kosa liko kwenye njia. Kama kimoja tu kinakwamakwama kila mahali, safisha magurudumu yake na vile visahani vyembamba vinavyoyagusa kwa ndani. Kwa maelezo yako, kosa ni la njia.

Sasa tengeneza kipimo cha mzigo. Nenda duka la vipuri vya gari ununue taa ndogo ya volti 12, wati 5, ile ya parking. Inavuta takriban ampea 0.4, karibu sawa na kichwa cha treni kinachofanya kazi. Soma kwanza kibao cha transfoma yako: kama kimeandikwa chini ya ampea 0.5, chukua taa ya dashibodi ya wati 2 au 3. Unga nyaya mbili fupi kwenye taa, na mwisho wa kila waya tia kibanio chenye meno.

Halafu uvunje mduara. Ng'oa misumari ya kipande kilicho jirani na kile cha kuingizia umeme, upande mmoja tu, uvute mpaka ncha za reli ziachane kwa milimita chache. Sasa mduara umekuwa mstari mmoja: umeme unaingia upande huu na hauna njia nyingine isipokuwa kupita viungio vyote mpaka ncha ile iliyo wazi. Hapo kwenye ncha, bana taa yako kwenye reli mbili. Ondoa treni njiani, fungua kontrola hadi mwisho.

Taa ikiwaka, weka mita kwenye volti za umeme wa moja kwa moja (DC), kipimo cha 20, utembee nayo kipande baada ya kipande, ncha moja kwenye kila reli. Gusa ubavu wa reli, si juu, na kwaruza kidogo ili ncha ipate chuma safi. Utaona namba zikishuka taratibu: 11.4, 11.3, 11.3, 11.2. Kisha ghafla 6.8. Kosa liko kwenye kiungio ulichovuka sasa hivi. Ili kujua ni reli ya ndani au ya nje, weka ncha moja ya mita kabla ya kiungio na nyingine baada yake, juu ya reli ile ile. Upande mzima utasoma volti 0.02 au hata chini yake. Upande mgonjwa utasoma zile volti 4 na ushei zilizopotea. Unaweza hata kujua ni nusu ipi ya kiungio iliyolegea: pima kutoka reli hadi bati la kiungio, kisha kutoka bati hadi reli ya pili.

Taa isipowaka kabisa, tembea na mita vivyo hivyo mpaka volti zitoweke. Lakini kumbuka kuwa mkondo ukikatika, viungio vibovu vilivyo mbele vyote vinaonekana vizima, kwa sababu hakuna kinachopita ndani yake. Tengeneza cha kwanza, rudia kipimo, utafute kinachofuata. Baadhi ya kontrola hutoa umeme wa mapigo badala ya ulionyooka, na hapo namba za mita huchezacheza. Usijali namba yenyewe. Linganisha kipande na kipande.

Una vipande 14, kwa hiyo miungano 14 na viungio 28. Vyote vipimwe, kazi ya nusu saa. Kwa mzigo wa ampea 0.4, kiungio kizuri hakipotezi zaidi ya volti 0.05. Kinachopoteza 0.1 au zaidi kivuliwe, hata kama leo hakisumbui. Ukipita kwenye kila muungano, ubonyeze kwa kidole huku ukiitazama taa. Ikipepesa, ama kiungio kimelegea ama plaiwudi pale chini ina bonde, na uzito wa treni unaifungua reli kila inapopita. Msumari uliogongwa kupita kiasi hufanya hivyo pia, unayapinda mataruma, vile vipande vilivyokingama chini ya reli, katikati na kuinua ncha. Kichwa cha msumari kiguse taruma tu, kisilikandamize.

Kuhusu dawa ulizotumia: mafuta ya cherehani hayapitishi umeme. Yanajipenyeza kati ya kiungio na reli, yanashika vumbi, na kwenye uso wa reli yanageuka ule uji mweusi unaofanya magurudumu yateleze. Msasa nao unaacha mikwaruzo ambamo uchafu unajificha vizuri kuliko kabla ya kusugua. Uso wa reli unasafishwa kwa kitambaa cha pamba kilichozungushiwa kipande cha mbao na kulowekwa spiriti, ile ya duka la dawa, kisha unafutwa mpaka ukauke. Pafute namna hiyo kila mahali ulipotia mafuta, mara mbili.

Chukua pia sumaku. Ikinata kwenye reli, una reli za chuma, kama zilivyokuwa seti nyingi za zamani. Isiponata, ni nikeli-silva, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki ambao, licha ya jina, hauna fedha ndani. Kisha ijaribu kwenye viungio vyenyewe, kwa maana kiungio cha chuma kilichovishwa kwenye reli ya nikeli-silva katika hewa ya chumvi ni ugomvi wa metali mbili: unyevunyevu wa bahari unazifanya zilane, na chuma ndicho kinacholiwa kwanza. Kutu ya kahawia kwenye kiungio, au ukungu wa kijani kwenye mguu wa reli, ule ukingo wake wa chini, ndivyo vilivyozalisha zile omu zako.

Kukitengeneza kiungio, kivue kabisa kwa koleo ya mdomo mrefu. Kitazame kwa mwanga: mikunjo yake miwili ndiyo inayoshika mguu wa reli, na hapo tu ndipo umeme unapopita. Kikiwa na kutu, kitupe. Hakuna kusugua kutakakokirudisha. Kwa reli za kimo cha milimita 2.54, ambacho ndicho cha seti nyingi za namna yako, viungio vya Peco SL-10 au Hornby R910 vinaingia, na pakiti ya Peco ina 24, ya Hornby ina 12. Wewe unahitaji pakiti mbili za Peco au tatu za Hornby. Usichanganye na R920 au SL-11, hivyo ni vya plastiki, vimetengenezwa makusudi kukata umeme.

Safisha mguu wa reli juu na chini, sentimita moja kutoka ncha, kwa tupa ndogo au msasa laini wa namba 600 (hapa msasa unaruhusiwa, kwa sababu gurudumu halipiti), kisha futa kwa spiriti. Kiungio kilicholegea tu, bila kutu, kinaweza kuokolewa: minya mikunjo yake kidogo kwa koleo, nusu moja kisha nyingine, huku kikiwa nje ya reli. Kikiingia kwa kuteleza bila kukataa, bado. Kikihitaji kusukumwa kwa koleo lakini kisipinde, ndipo. Unapounganisha vipande, hakikisha ncha ya reli imeingia ndani ya kiungio na haikupanda juu yake. Kosa hilo ni la kawaida sana, na kwa macho ya juu halionekani. Pitisha ukucha, utahisi ngazi.

Hayo yote yataifanya treni itembee. Lakini kwa mtu anayeishi Pwani sishauri kuishia hapo. Kazi ya kiungio ni kuzipanga reli zikae sawa. Kukiachia pia kazi ya kubeba umeme ni kukitwisha mzigo usio wake. Hata kwenye reli halisi, pale zilipoungwa kwa vyuma na boliti na mkondo wa ishara unapita ndani yake, mafundi huweka waya wa shaba unaoruka kila muungano. Nawe fanya hivyo: kila kipande kipate nyaya zake mbili kutoka chini ya ubao, na viungio vikioza vioze.

Nyaya kuu mbili zipite chini ya plaiwudi zikifuata mduara. Chukua waya wa taa za nyumbani, shaba ya milimita 1.5 za mraba, mita 4 mwekundu na mita 4 mweusi. Njia yako yote ni kama mita 3.8. Mita moja ya waya huo ina ukinzani wa takriban omu 0.012, wakati reli ya nikeli-silva, kabla hata hujahesabu viungio, inapitisha umeme vibaya zaidi mara kadhaa. Nyaya za kulishia, zile fupi zinazopanda kutoka waya mkuu hadi reli, zinaweza kuwa nyembamba, milimita 0.2 za mraba hivi, kwa kuwa kila mmoja hauzidi sentimita 15. Nyuzi za kebo ya mtandao wa kompyuta zinafaa. Ila kwaruza uzi kwa kisu kabla ya kununua: ukiwa mwekundu wa shaba mpaka ndani, chukua, ukitoa weupe, ni alumini iliyopakwa shaba, itakataa solda na itakatika ukiikunja mara mbili. Soko limejaa kebo za namna hiyo, na nyaya za nyumbani pia zichunguzwe.

Amua sasa hivi: nyekundu ni reli ya nje, nyeusi ni ya ndani, na usibadilishe hadi mwisho. Toboa tundu la milimita 2 kando ya kila reli, karibu na katikati ya kipande, upande wa nje wa reli. Waya ukiwekwa ndani, ukingo wa gurudumu utaugonga. Chuna milimita 5 za waya, uikunje kama herufi L, ilale kwenye bonde la ubavu wa reli.

Chuma cha solda kiwe cha wati 40. Cha wati 25 ambacho mafundi redio wanapenda kinatosha kwa saketi, lakini reli inanyonya joto; utakaa nacho sekunde kumi na mataruma yatayeyuka kabla solda haijashika. Solda iwe ya 60/40 yenye fluksi (dawa inayoisaidia solda ishike) ndani, unene wa milimita 1 au chini ya hapo, na ongeza fluksi ya ulimbo, ile ya kahawia. Usitumie fluksi ya asidi ya mafundi mabomba, itaila reli taratibu hata baada ya kuifuta. Kwaruza ubavu wa reli ung'ae. Weka pamba iliyolowa maji juu ya reli, kushoto na kulia, umbali wa sentimita 2 kutoka unapochomea, ilizuie joto lisifike mbali. Paka solda kwenye reli peke yake, paka kwenye waya peke yake, acha vipoe. Halafu viweke pamoja na uguse kwa sekunde 2 au 3 tu. Muungano mzuri unang'aa na solda imetambaa kwenye metali. Ikikaa kama tone juu ya jani la mgomba, haikushika; safisha, rudia. Kwa reli za chuma kazi ni ngumu zaidi, lazima zikwaruzwe mpaka zing'ae na kupakwa fluksi papo hapo, kabla kutu haijarudi. Ukimaliza osha fluksi kwa spiriti na mswaki wa zamani.

Usilehemu viungio vyenyewe. Kwenye chumba chenye paa la bati, tofauti ya nyuzi 15 kati ya usiku na mchana huirefusha mita moja ya reli kwa karibu robo milimita, na plaiwudi nayo inavimba ikila unyevu. Miungano ikiwa imefungwa yote, reli itatafuta pa kupindia. Acha upenyo wa nusu milimita katika kila muungano.

Chini ya ubao, chuna dirisha la sentimita 1 kwenye waya mkuu mahali pa kila waya wa kulishia, uuzungushe mara tatu, utie solda. Madirisha ya mwekundu na mweusi yapishane kwa sentimita 3, yasije yakagusana. Baada ya kila jozi, transfoma ikiwa imechomolewa na treni imeondolewa, weka mita kwenye kipimo cha mlio kati ya reli mbili. Isilie. Ikilia, shoti ni ya ile jozi uliyoichomea sasa hivi, na huhitaji kutafuta kwingine. Ukisubiri umalize zote 28, utatafuta siku nzima. Mlio mfupi unaokatika wenyewe huenda ni kapasita iliyomo kwenye kipande cha kuingizia umeme, wa kuendelea ndiyo shoti.

Nyaya kuu usizifunge ziwe mduara. Zianzie kwenye kontrola, zizunguke, ziishie hewani karibu na zilipoanzia, na ncha zake uzifunike kwa utepe wa umeme. Mduara uliofungwa utaficha kosa kama reli zako zilivyoficha. Uliofunguka, ukikatika mahali, kila kilicho mbele kinazima na unajua pa kutazama.

Siku utakapoongeza njia panda, kumbuka kwamba njia panda nyingi za seti hulisha upande ule tu zilikogeuzwa, kwa ncha ya ulimi kugusa reli. Treni ikizima kwenye njia ya pembeni, kwanza tazama kama ulimi umegeuzwa huko, kisha safisha pale unapogusa kwa kikaratasi kilicholowa spiriti. Na usitengeneze njia inayojirudia yenyewe mpaka treni irudi ilikotoka ikiwa imegeuka, kwa sababu reli ya nje itakutana na ya ndani, na hiyo ni shoti hata kama kila solda ni safi.

Kuhusu umeme wenyewe, plagi ya Uingereza ya pini tatu ni sawa na ya Kenya, na volti zake 230 zinakaribiana na 240 za Kenya, kwa hiyo transfoma ya asili inafaa bila adapta. Usiifungue, hata ikizima. Wala usiibadilishe kwa betri ya gari kwa kuwa nayo ni volti 12: shoti moja kwenye betri inatoa mamia ya ampea, na waya mwembamba unakuwa mwekundu kabla hujanyoosha mkono.

Mara ya kwanza utakapowasha, unga ile taa ya wati 5 katikati ya kontrola na waya mkuu mwekundu, bila treni njiani. Ikiwaka, kuna shoti, na taa imekuokolea kontrola mpya. Ikikaa kimya, itoe, rudisha waya, uweke treni kwenye mwendo mdogo kabisa unaoweza kuisogeza. Mwendo wa kasi unaruka juu ya makosa madogo. Mwendo wa kobe unayaonyesha yote. Izungushe mara kumi kila upande, na kwenye kile kipande cha kona kilichokuwa kinazima, isimamishe juu yake kwa makusudi, kisha uiondoe tena.